Mkono Uliochelewa

Kazi ya Mutunga ilikuwa langoni. Huu ulikuwa mwaka wa tatu anasimama kwenye lango la yadi moja ya makontena huko Shimanzi, akisoma nambari iliyoandikwa ubavuni mwa kila kontena linaloingia, akiilinganisha na karatasi ya dereva, kisha akipunga mkono lori lipite. Malori hayakuisha na vumbi halikuisha. Dereva mmoja akiondoka, mwingine yuko pale anapiga honi utadhani Mutunga ndiye aliyemzuilia riziki. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na ukimwona hapo na koti lake la rangi ya machungwa, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, ungesema huyu ni mzee wa kanisa anayengoja saa kumi ifike aende zake. Mzee wa kanisa hakuwa, ingawa mkewe Loise angefurahi sana. Mutunga alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya metali, tena ile metali kali kupita zote, ambayo mwimbaji haimbi bali hunguruma, gitaa hukwaruza masikio, na ngoma hukimbia mpaka asiyezoea akauliza kama kuna kitu kimeanguka.

Bendi iliitwa Kutu. Kisiwani Mombasa chumvi hula kila chuma, kuanzia mabati ya nyumba hadi kitasa cha mlango, kwa hiyo jina halikuwapa taabu kulitafuta. Walikuwa watatu. Faiz, mwenye gitaa na sauti ya kunguruma, alikuwa fundi wa kuchonga milango na masanduku kule Kibokoni, Mji wa Kale, kazi aliyoachiwa na baba yake. Oliver, mwenye besi, alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo Kilindini, na maneno yake ya wiki nzima ungeweza kuyaandika kwenye kiganja. Miaka kumi na minane walikuwa wakikutana kila Jumapili alasiri ndani ya kontena bovu lililoachwa nyuma ya yadi, wakatoka humo wamelowa jasho kama waliotoka baharini. Ramadhani walipumzika, Idi ikiisha wakarudi.

Albamu zao tatu za kwanza zilikuwa za mbio. Ya tatu, *Bamvua*, jina la siku ambazo bahari hujaa na kutoka kwa nguvu, ndiyo iliyowapa jina, na watu walikuwa wakija kwenye maonyesho kutazama mikono ya Mutunga tu. Kisha mwaka huu ikatoka ya nne, *Maji Mafu*, siku ambazo bahari haijai sana wala haitoki sana, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Nyimbo zake ni sita, na mmoja unakwenda dakika kumi na mbili. Gitaa linavuma peke yake, linanyamaza, patasi ya Faiz inasikika ikikwangua mbao, halafu ngoma inapigwa mara moja. Kabla haijapigwa tena unaweza kuvaa viatu na kufunga kamba.

Mashabiki wa Kutu si wengi. Ukiwakusanya wote, wa Mombasa, wa Malindi na wale wachache wa Nairobi, hawajazi ukumbi wa harusi. Lakini hao wachache ni wa kufa na kupona, na wote wamo kwenye kundi moja la simu linaloitwa Wana wa Kutu. Tangu *Maji Mafu* itoke, kundi lilikuwa limepasuka katikati. Upande mmoja alisimama Kadenge, fundi wa tuktuk huko Majengo, shabiki wa tangu siku ya kwanza, ambaye jina la bendi amejichora kwenye mkono. Kadenge aliandika: hii si metali, hii ni matanga. Upande wa pili alisimama Sheryl, mwalimu wa shule ya sekondari, ambaye aliandika maelezo ya kurasa nane. Alisema lile pigo linalochelewa ni subira ya mfanyakazi wa bandari, ni mkono unaongoja meli ambayo haiji, na kwamba hajawahi kusikia bendi yenye ushujaa wa kunyamaza namna ile. Mutunga aliyasoma maelezo hayo mara tatu, akijitafuta humo ndani, na asijione.

Maana ukweli ulikuwa mfupi kuliko kurasa nane. Pigo lilichelewa kwa sababu mkono ulichelewa.

Kabla ya lango, Mutunga alifanya kazi miaka kumi na mitano ndani ya meli, kwenye genge la kufunga makontena. Kontena likipandishwa juu ya jingine, lazima lifungwe kwa fimbo za chuma, na fimbo yenyewe ni ndefu kuliko mtu. Unainyanyua juu ya kichwa mpaka ncha yake iingie kwenye tundu, unakaza, unahamia nyingine. Kutwa nzima mikono iko juu. Jumapili, mikono hiyohiyo ikaenda kupiga ngoma kwa kasi ya mashine ya cherehani. Bega la kulia lilianza kulalamika mapema, naye akalipaka dawa ya kuchua na kuliambia linyamaze. Lilipokataa kunyamaza, daktari alimwambia kano zimelika na asinyanyue kitu kupita kifua. Mutunga akauliza kuhusu ngoma. Daktari, ambaye alikuwa mtu wa kwaya, akamjibu kwamba za kanisani hazina neno, mradi asizidishe furaha.

Hakumwambia mtu isipokuwa Loise. Kisha Jumapili moja ya mwaka jana, ndani ya kontena, walikuwa katikati ya wimbo wa *Bamvua* mkono ukaanguka. Ulishuka pajani na ukabaki huko, naye akaendelea na wa kushoto peke yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Faiz akazima gitaa. Oliver akatazama viatu vyake. Kontena lilikuwa na joto. Faiz akachukua kitambaa akafuta nyuzi na kusema, "Leo joto jingi. Hebu tujaribu kitu cha polepole."

Jumapili iliyofuata joto likawa jingi tena, na ile iliyofuata pia. Mwaka ukaisha wana nyimbo sita. Hawakulizungumza hata siku moja. Watu wa Mji wa Kale wana adabu hiyo, nguo ya mwenzako ikichanika hutazami, unamsitiri, na ukiweza unasimama mbele yake ili wengine nao wasione. Faiz alisimama mbele yake mwaka mzima. Mutunga alimshukuru kimoyomoyo, akaona haya, na zaidi ya yote akachoka, kwa sababu kubebwa na mtu ambaye hakubali kwamba anakubeba ni kazi nzito pia.

Jumanne ya wiki ile, Kadenge alikuja langoni Shimanzi. Alikuja kwa nia njema, kuuliza kama Jumapili, siku ya kuizindua albamu ukumbini, watapiga japo wimbo mmoja wa zamani. Akanyoosha mkono. Bega la Mutunga lilikuwa linawaka siku hiyo, mkono wa kulia unaning'inia tu, na kabla hajafikiri akatoa wa kushoto.

Pwani hii mtu hapewi mkono wa kushoto. Huli nao, hupokei nao, wala humsalimii nao mtu unayemheshimu. Kadenge aliutazama ule mkono ulivyonyooshwa, akaurudisha wake mfukoni.

"Haya, Mutunga," akasema. "Kumbe tumefika huko."

Kabla ya chai ya saa kumi habari ilikuwa kundini. Mutunga amekuwa mkubwa, siku hizi anatoa kushoto. Faiz akaijibu papo hapo: ugomvi wenu uleteni kwangu, polepole niliitaka mimi, Mutunga hana kosa. Basi wote wakamgeukia Faiz. Wakasema amezeeka, amelewa sifa za mwalimu, ameshika dini na sasa anaona haya kunguruma. Kufikia Ijumaa walikuwa wamekubaliana kwamba Jumapili watakuja, watasimama mbele kabisa, na watawapa bendi mgongo mpaka *Bamvua* ipigwe. Mutunga aliyasoma hayo langoni. Akaandika kwa kidole gumba, ni mkono wangu. Akayatazama maneno hayo matatu, akayafuta. Lori likapiga honi, akalipungia kwa kushoto.

Jumamosi alasiri alikwenda Kibokoni kumtafuta Faiz. Karakana ilikuwa imefungwa. Akapiga hodi nyumbani, na mama yake Faiz, Bi Mwanabaraka, akamwitikia kutoka ndani.

"Karibu, mwanangu. Ndoo ukae. Faiz amepeleka mlango kwa mtu, yuwaja sasa hivi."

"Masalkheri, Mama."

"Akheri. U hali gani na watu wa nyumbani?"

"Hatujambo, Mama."

Akamletea kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, na halua kwenye kisahani. Mutunga akanyoosha mkono wa kushoto. Akakumbuka yuko wapi, akaurudisha, akanyoosha wa kulia. Kikombe kilifika nusu ya njia kikaanza kutetemeka, na kahawa ikamwagika mkekani. Bi Mwanabaraka hakuinuka kufuta.

"Miaka kumi na minane waingia nyumba hii," akasema, "sijakuona ukitumia kushoto hata siku moja. Mkono una nini?"

"Nimeulalia vibaya, Mama."

"Usinidanganye. Mimi si hilo kundi lenu la simu."

Basi akamwambia. Alianza na fimbo za chuma, akaja kwa daktari, akaja kwa ile Jumapili ya joto jingi. Ilikuwa ajabu jinsi habari yenyewe ilivyokuwa fupi ikisemwa kwa sauti. Bi Mwanabaraka alisikiliza huku akikunja ncha ya leso.

"Na Faiz yuwajua?"

"Anajua. Hajasema."

"Ndiyo maana," akasema, akavuta pumzi. "Kuna mtu wa Kisauni, aitwa Kenneth, fundi wa umeme. Amemletea Faiz ngoma zake kwenye simu, yuwapiga hizo za mbio zenu, moja baada ya moja. Oliver alikuja hapa kumsihi amchukue. Faiz akakataa. Akasema kiti kile kina mwenyewe. Kisha huketi hapo ulipokaa, akasoma matusi, chakula hali. Wewe wamficha yeye, yeye akuficha wewe. Mwasitiriana mpaka mtauana."

Mutunga aliweka kikombe chini. Alikuwa amefikiri muda wote kwamba anachokilinda ni kiti chake, na sasa aliona kwamba kiti hicho Faiz ndiye anayekilipia kwa heshima yake, siku baada ya siku, kwa watu aliowaimbia miaka kumi na minane.

"Nyimbo zenu za zamani," Bi Mwanabaraka akaendelea, akiufuta mkeka sasa, "sikumaliza hata mmoja. Mwanangu alia kama ngamia. Hizi mpya nimesikiza mmoja hadi mwisho. Sikuupenda. Lakini niliumaliza."

Faiz hakurudi mapema. Mutunga alipoaga, Bi Mwanabaraka alimshika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, palepale chini uliponing'inia, ili asilazimike kuunyanyua.

"Mimi simwambii neno," akasema. "Mdomo ni wako."

Jumapili saa tisa alasiri ukumbi wa Majengo ulikuwa bado na mapambo ya harusi ya jana yake. Maua ya karatasi ya waridi yalining'inia juu ya jukwaa, na kwenye ukuta wa nyuma palikuwa na bango la bwana na bibi harusi wakitabasamu. Kwa hiyo Kadenge na wenzake thelathini hivi, wote wamevaa nyeusi, walipowapa bendi mgongo kama walivyoahidi, walibaki wakiwatazama maharusi. Nyuma yao wale wa upande wa Sheryl walikaa vitini, na Sheryl mwenyewe alikuwa na daftari mapajani. Karibu na mlango alisimama mtu wa miaka ishirini na sita hivi, mrefu, ambaye Mutunga alimtambua bila kuambiwa kuwa ndiye Kenneth.

Walipiga nyimbo mbili za *Maji Mafu*. Mutunga alipiga akitazama migongo. Wimbo wa pili ulipokwisha, migongo ikaanza kuita *Bamvua*, taratibu kwanza, kisha kwa kupiga miguu sakafuni. Faiz akasogea kwenye kipaza sauti, na Mutunga akajua vizuri atakachosema: ni mimi, mimi sitaki. Akainuka kabla Faiz hajafungua mdomo. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuongea na watu kutoka jukwaani, na njia kutoka kwenye ngoma hadi pale mbele ilimshangaza kwa urefu wake.

"Mimi ni Mutunga," akasema, na wengine wakacheka, kwa kuwa nani hakumjua. "Faiz hakutaka polepole. Alifanya hivyo kwa ajili yangu." Akaunyanyua mkono wa kulia mbele yao. Ulipanda hadi kifuani, ukasimama, ukaanza kutetemeka. "Mwisho wake ni hapa. Ni tangu mwaka jana. Kadenge, siku ile nilikupa wa kushoto kwa sababu wa kulia haukupanda. Nisamehe, ndugu yangu."

Migongo ikageuka, mmoja mmoja. Kadenge aligeuka wa mwisho. Kule vitini Sheryl alikuwa amesimamisha kalamu. Alitazama lile daftari, akalifunga, akalitia mkobani. Mutunga alimwonea huruma kuliko wote, maana wale wa Kadenge walikuwa wamepoteza hasira tu, lakini mwalimu alikuwa amepoteza kurasa nane.

Faiz alimsogelea sikioni, mbali na kipaza sauti. "Mwaka mzima nimekusitiri," akasema. "Wewe wajivua nguo mbele ya watu."

"Nimechoka kusitiriwa, Faiz."

Faiz akamtazama, macho yamejaa maji, kisha akageuka akaanza kukaza nyuzi za gitaa ambazo hazikuwa zimelegea. Mutunga akakirudia kipaza sauti, akamwita Kenneth kwa jina, akamwonyesha kiti.

Kenneth alikuja na vijiti vyake mwenyewe kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Alikuwa amevibeba tangu nyumbani. Mutunga aliliona hilo kuliko alivyoona jingine lolote siku hiyo. Kisha *Bamvua* ikaanza, na ukumbi ukaruka. Pande zote mbili ziliruka, walimu kwa mafundi, Faiz akanguruma hadi mishipa ya shingo ikasimama, na ua moja la karatasi likaachana na dari likamwangukia Oliver begani asiwe na habari. Mutunga alisimama kando ya spika. Kenneth alikuwa hodari. Alikuwa hodari kuliko Mutunga alivyopata kuwa hata alipokuwa na mabega mawili, na jambo hilo lilimuuma kuliko bega. Alipotafuta wa kumtazama yeye, hakumpata. Chini ya uchungu huo, hata hivyo, palikuwa na kitu kama kitanda kilichotandikwa. Angekwenda nyumbani. Jumapili angelala baada ya chakula kama watu wengine. Akachukua mkoba wake, akautia bega la kushoto, akaanza kupita ukutani kuelekea mlangoni.

Kadenge akamzuia njia, jasho linamtiririka. Walitazamana. Kadenge akafuta kiganja kwenye suruali, akanyoosha mkono, na ulikuwa wa kushoto.

"Shika," akasema. "Albamu yenyewe bado siipendi."

"Sijakuomba uipende."

Wakashikana kushoto kwa kushoto. Hakuna kati yao aliyewahi kusalimiana hivyo, na vidole havikujua pa kukaa, lakini hawakuachana upesi.

Jukwaani Faiz alikuwa ameanza wimbo wa jina la albamu, ule wa dakika kumi na mbili. Gitaa likavuma, likanyamaza, Kenneth akapiga. Akapiga tena. Kila pigo lilifika wakati wake barabara, safi kabisa, na wimbo ukawa hauna kitu ndani. Faiz akasimamisha. Wakaanza upya, na mambo yakawa yaleyale. Kenneth akaweka vijiti mapajani, akatikisa kichwa.

"Huu siuwezi," akasema. "Nikingoja naona nimechelewa, napiga." Akatafuta kwa macho hadi mlangoni. "Mzee, njoo."

Mutunga alisimama na mkoba begani. Alikuwa amekwisha kuondoka, isipokuwa miguu tu. Alitaka kwenda nyumbani, na hilo halikuwa la kujidai, alilitaka kwa moyo wote. Faiz hakumtazama. Aliinamia kipaza sauti na kusema polepole, "Kiti kina mwenyewe."

Akarudi. Kundi la Kadenge lilikuwa limeanza kutoka kwenda kunywa soda, maana wao walikuwa wamepata chao, lakini Kadenge mwenyewe alibaki, uso mbele, mikono nyuma. Sheryl alikuwa bado kitini, hana daftari. Kenneth akampisha, akasimama kando ya spika, palepale alipokuwa amesimama Mutunga. Mutunga akaketi, akapangusa uso, akangoja gitaa livume na linyamaze. Akapiga la kwanza kwa kushoto. Kisha mkono wa kulia ukaanza safari yake kutoka pajani, polepole, unauma, na ukumbi mzima ukaungoja ufike.